Nilitaka kumweka ndani mkulima wa zabibu kwa muhtasari wa mkutano wa kijiji

Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi wakuu.

Leo nalitoa hili maana vidole vinaniwasha tangu juzi. Ninachoandika nimekiona kwa macho yangu haya mawili, na kingine nimekifanya kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo siwezi hata kusingizia kwamba niliambiwa. Majina nimebadilisha na kijiji sikitaji. Ukikijua, kaa nacho moyoni.

Humu nimesoma nyuzi nyingi watu wakitoana macho: mtu mwenye siasa kali za kubagua wenzake, sheria imzibe mdomo au aachwe aongee?

Mimi nilikuwa team sheria. Tena si kumziba mdomo tu, nilitaka awekwe ndani kabisa na ufunguo utupwe bwawani Hombolo.

Sasa someni.

Mimi ni mtendaji wa kijiji. Dada wa Kirangi, nimezaliwa Kondoa, nikasoma chuo, nikapangiwa kijiji kimoja mashariki ya Dodoma, ukisimama mlimani unayaona mapaa ya mji wa serikali pale Mtumba. Wenyeji ni Wagogo, watu wa mtama, alizeti na zabibu. Tangu serikali ihamie huku wageni wamemiminika: Warangi, Wasandawe, Wasukuma, Wachaga, kila aina ya mtu aliyesikia kuna viwanja.

Na mimi ni mgeni pia, ila mgeni mwenye mhuri.

Kwa wasioijua kazi yetu: kwenye mkutano mkuu wa kijiji mwenyekiti anaongoza, mtendaji anaandika. Kila mkutano unaanza kwa kusoma muhtasari wa mkutano uliopita, watu wanauthibitisha kwa kunyoosha mikono, ndipo mnaendelea. Usipothibitishwa, hiyo ni karatasi tu.

Sasa kuna ufundi fulani tuliurithi kwa waliotutangulia kazini. Unalainisha. Mtu akisimama akasema "mwenyekiti huyu mwizi wa mchana kweupe," unaandika "Mjumbe aliomba ufafanuzi kuhusu matumizi." Mtu akitukana dakika kumi mpaka mate yanaruka, unaandika "Mjumbe alieleza kutoridhishwa."

Wakuu, kwenye kulainisha mimi nilikuwa hatari. Ungenipa radi ningeiandika kama manyunyu. Bosi wangu wa kata alikuwa ananisifia kwamba kijiji changu kimetulia kuliko vyote, kumbe ametulia mwandishi.

Hiyo sifa ndiyo iliyoniponza.

Basi, siku hiyo tulikuwa kwenye ghala la kijiji, watu wamekaa juu ya magunia na mabenchi ya kuazima shuleni. Ajenda zikaenda vizuri, pampu ya kisima, madawati, tukafika kwenye "mengineyo." Mliowahi kuendesha kikao mnajua, mengineyo ndipo moto unapowakia.

Akasimama Ndahani.

Huyu ni baba wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa zabibu, mrefu, kofia yake ya pama haivui hata akila. Anajua kuongea huyo mtu! Akianza, hata watoto wananyamaza.

Alianza na hoja za maana kabisa, sitamdhulumu. Akasema wapimaji wamepita shambani kwake bila kubisha hodi, wameng'oa mizabibu ya marehemu baba yake ili wapigilie vigingi. Akasema vijana wa hapa wanauza ardhi halafu wanakuja kulinda mageti kwenye ardhi hiyohiyo. Mimi mwenyewe nikawa natikisa kichwa kukubali.

Halafu akageuza gia.

"Kuanzia leo," akasema, "ambaye babu yake hakuzaliwa hapa asipige kura ya kijiji hiki. Asichote kisima chetu. Na akifa, wamchukue wampeleke kwao, asizikwe kwenye ardhi yetu!"

Makofi.

Si ya watu wote, lakini yalitosha kunitoa jasho. Mkono wangu ulikuwa umeshaandika yale maneno kwenye daftari la rafu, yote, kama yalivyotoka. Sijui hata kwa nini. Nadhani ni hasira.

Nikainua macho, nikamwona Mama Rukia amekaa karibu na mlango. Huyu ni Mrangi mwenzangu, ana banda la chai na maandazi jirani na zahanati, alikuja hapa kabla yangu. Alikuwa anaangalia viganja vyake tu.

Kesho yake nikakaa kuchapa muhtasari safi. Na hapa ndipo nilipofanya ujinga, wakuu, mnicheke tu. Mkono wa kazi ukaniongoza. Nikaandika:

"Mjumbe mmoja alishauri utaratibu wa wakazi wapya uangaliwe upya."

Alishauri! Mtu kasema tusizikwe, mimi nimeandika alishauri. Nikaona kijiji changu kimetulia tena, nikaenda zangu kunywa chai kwa Mama Rukia huyohuyo.

Wiki haikuisha.

Kisimani wanawake wakaanza kuitoa ndoo ya Mama Rukia kwenye foleni. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Anapanga ndoo, akigeuka anaikuta imewekwa mwisho. Anairudisha, inarudi mwisho. Siku ya tatu akaikuta nje ya uzio, imelala ubavu. Akaacha. Akawa anaenda kwenye korongo, mbali, maji yenyewe ya kugombania na ng'ombe.

Nilikwenda kisimani nikafoka mpaka sauti ikakauka. Wakanijibu kwa adabu kabisa, "Mtendaji, si ndivyo mkutano ulivyosema?" Nikasema mkutano haukupitisha kitu! Wakageuka, wakaendelea kuchota.

Jioni hiyo nikapita bandani kwa Mama Rukia. Nikamkuta anapanga sufuria kwenye kiroba.

"Unaenda wapi dada?"

"Sijui. Ila hapa nimeshaambiwa sipo."

Wakuu, nilipandwa na kitu. Nilitoka pale bila kuaga. Huyu mwanamke alikuwa anahama kwa sababu ya maneno ya dakika tano ya mtu mmoja, na mimi ndiye mtendaji, na mhuri ninao. Nikampigia bosi wangu pale pale nimesimama barabarani.

Bosi akasikiliza, akasema maneno hayo ni uchochezi wa wazi. "Niletee muhtasari uliothibitishwa wenye maneno yake mwenyewe. Mengine tuachie sisi na polisi."

Nikasema sawa mkuu, kesho asubuhi. Nikakata simu nikiwa na furaha ya ajabu.

Nikaenda kufungua faili. "Mjumbe mmoja alishauri."

Yesu na Maria, na mimi ni Muislamu!

Kwa hiyo karatasi pekee ya ofisi inayomhusu Ndahani ilikuwa inamwonyesha kama mzee mshauri mpole. Na nimeiandika mimi! Nikikurupuka kuleta daftari la rafu, lina michoro ya maua pembeni, nani atalipokea?

Lakini kichwa kikafanya kazi haraka. Muhtasari ule ulikuwa haujathibitishwa bado. Ukisomwa mkutanoni, mtu yeyote ana haki ya kusahihisha. Basi! Namwomba bosi siku chache, naitisha mkutano wa dharura, nasoma, nikifika kwenye ule mstari najisahihisha mwenyewe mbele ya watu, natoa daftari, nasoma maneno halisi, wananyoosha mikono, napiga mhuri, Ndahani kwisha habari yake. Anathibitishiwa kesi na kijiji chake mwenyewe.

Nilijiona nina akili kweli kweli. Mwenyekiti nilipomwambia alikuna kichwa. "Binti yangu, huo ni moto." Nikamjibu, "Mwenyekiti, umeshawaka, sisi tunatafuta aliyeuwasha."

Kwa Mama Rukia nilipita nikamwomba kitu kimoja, asihame kabla ya mkutano. Akasema atakuja, ila kiroba hakukifungua.

Siku ikafika. Ghala limejaa, wengine wamesimama madirishani. Mwenyekiti akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" Watu wakaitika "Mbukwa!" bati likavuma. Mimi daftari la rafu nimelificha kwenye begi.

Nikaanza kusoma. Pampu. Madawati. Mengineyo.

"Mjumbe mmoja alishauri utaratibu wa wakazi wapya..."

"Hapohapo!"

Wakuu, ni Ndahani. Kasimama. Kofia kichwani, kidole juu.

"Mtendaji, hapo umenisingizia. Mimi sikushauri. Umeniandika kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Mimi nilisema. Andika nilivyosema!"

Jamani! Jamaniii! Mtu nimemtegea mtego siku zote hizi, amekuja mwenyewe, ameingia, na ananiomba nimfungie mlango! Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Nikauma mdomo, nikafungua begi, nikatoa daftari.

"Nina maneno yako hapa mzee. Nisome?"

"Soma."

Nikayasoma. Asipige kura. Asichote kisima chetu. Wamchukue wampeleke kwao, asizikwe kwenye ardhi yetu.

Sasa hapa kuna jambo naomba mlielewe maana ndilo limenileta humu. Siku ile yaliposemwa na Ndahani, kwa ile sauti yake na mikono hewani, watu walipiga makofi. Leo yamesomwa na mimi, kwa sauti ya kusomea mahesabu ya madawati, hakuna aliyepiga hata kofi moja. Watu waliinamisha macho. Kuna mama mmoja wa pale kisimani alijifunika khanga mpaka puani.

Mwenyekiti akauliza, "Bwana Ndahani, ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo." Ila sauti ilikuwa imepungua kidogo.

"Basi wajumbe, tunathibitisha?"

Mikono ikaanza kupanda mmoja mmoja. Mimi mhuri ninao mkononi tayari! Mara nikaona mkono kule mlangoni.

"Mwenyekiti, kabla hamjathibitisha, nina nyongeza."

Mama Rukia. Akasimama, akasogea mpaka mbele kabisa, hatua mbili kutoka kwa Ndahani.

"Shikamoo mzee Ndahani."

"Marahaba," akajibu, kwa mazoea tu.

"Mzee, mimi unaniita nani?"

"Mama Rukia."

"Rukia yuko wapi?"

Mzee akashika ukingo wa kofia. Ghala zima likamgeukia.

"Mnaniita jina la mwanangu kila siku mkija kunywa chai. Rukia yuko pale nyuma ya zahanati, makaburini, mwaka wa tatu huu. Wanaume waliporudi kutoka kuzika walinieleza kila kitu. Ilikuwa Agosti. Ardhi ilikataa majembe, wewe ukaenda kwako ukaleta sururu. Ukauliza mwanandani unachongwa upande gani, maana ninyi Wakristo kaburi lenu halina mwanandani. Ukaelekezwa, ukauchonga wewe mwenyewe. Wakaniambia wewe ndiye uliyetoka shimoni wa mwisho."

Akafunga mtandio wake vizuri. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Sasa nisaidie mzee wangu. Nimefunga mizigo yangu. Rukia nimfukue nimpeleke Kondoa, au nimwache?"

Wakuu, Ndahani alivua kofia.

Miaka miwili nipo kile kijiji sijawahi kuona kichwa chake. Kumbe ana upara. Alikaa, akasimama, akakaa tena, akasimama. Halafu akanigeukia mimi, si Mama Rukia.

"Mtendaji. Hiyo ya kuzika, ifute."

Nikachukua kalamu. Kusema kweli nilikuwa nimeshasahau mpango wangu wote, nilikuwa naona ukungu tu machoni. Nikaweka kalamu juu ya mstari.

"Usifute!"

Mama Rukia amenishika mkono, kabisa, mbele ya mkutano.

"Usifute dada. Andika alichosema. Chini yake andika nilichojibu. Siku ile mlilainisha, mimi nikakosa pa kujibia, nikajibiwa kisimani."

Hilo la mwisho lilikuwa langu. Lilinipata sawasawa.

Wakati naandika, kutoka nyuma kule dirishani sauti ya mwanamume ikapaza, "Tunapoteza muda! Banda lake livunjwe leoleo!"

Watu wakashtuka. Na aliyegeuka wa kwanza ni nani? Ndahani!

"Nani huyo? Nani amesema avunjiwe? Toka mbele uandikwe!"

Hakuna aliyetoka.

"Toka mbele uandikwe, mwoga wewe! Mimi nimesema, nimeandikwa jina langu!"

Dirisha lile likabaki tupu, mtu ametokomea. Na niwaambie, yule angejitokeza ningemwandika na kumpeleka polisi mwenyewe kwa miguu, bila kuuliza mtu.

Ndahani akarudi kwa mwenyekiti. Akasema kura harudi nyuma, bado anaamini wageni wasiamue mambo ya kijiji, na atalisema tena kila mkutano. "Lakini kaburi la mtoto lisiguswe. Na mama yake akifika siku yake, alale karibu na mwanawe. Na hilo la maji, nani alimzuia huyu mama maji?"

Ghala zima kwa pamoja: "Weweee!"

Kicheko kilipasuka pale, watu mpaka wakashikana mabega. Hata Mama Rukia alificha mdomo kwa mtandio. Ndahani akajikuna upara. "Basi achote. Andika hapo, achote."

Nikaandika yote. Alichosema, alichojibiwa, alichokiondoa, alichokigomea. Watu wakanyoosha mikono, nikapiga mhuri. Kurasa tatu. Muhtasari mrefu kuliko wote niliowahi kuandika, na hauna neno "alishauri" hata mahali pamoja.

Sasa nimerudi ofisini. Ushahidi ninao mkononi, umethibitishwa, ndio nilioutafuta. Bosi akapiga.

"Umepata?"

"Nimepata mkuu."

"Safi. Nitumie ile mistari yake mitatu tu. Ya huyo mama iache, inachanganya."

Niliutazama ule muhtasari wa kurasa tatu. Nikamwambia nitampigia baada ya dakika tano, nikakimbia mpaka bandani kwa Mama Rukia. Nikamweleza wazi, dada, ukitaka huyu mtu awekwe ndani, karatasi ninayo, ni wewe tu.

Alikuwa anakanda unga. Hakuinua hata kichwa.

"Akifungwa, nitamjibu nani? Na wale waliompigia makofi, nao utawafunga? Wale ndio wateja wangu."

Kile kiroba kilikuwa kimefunguliwa, sufuria zimerudi jikoni. Nikajifanya sijakiona.

Nikampigia bosi. Nikamwambia mkuu, mkutano umethibitisha kurasa tatu, natuma kurasa tatu. Akanifokea. Nikamwambia shikamoo mkuu, nikatuma kurasa tatu. Sijawahi kuogopa simu yangu kama siku ile!

Ndahani aliitwa kweli. Alikwenda na kofia yake, akasomewa, akatoa maelezo, akapewa onyo, mchana wake akawa amerudi anapogoa zabibu. Aliyekuwepo anasema askari aliyesoma alipofika kwenye habari ya sururu aliweka karatasi chini akauliza, "Sasa mzee, baada ya hapa sisi tukuambie nini?"

Msidhani amekuwa malaika. Wapi! Uchaguzi wa kijiji ulipokuja aligombea ujumbe kwa sera ileile, wageni wasipige kura. Siku ya kupiga kura nyuma yake kwenye foleni alisimama Mama Rukia, amebeba chupa ya chai. Nilisikia akimwambia, "Mzee sogea, na mimi nakuja kukunyima." Ndahani akasogea. Kura hazikumtosha, akalalamika, nikayaandika malalamiko yake neno kwa neno.

Na siku hizi kila mkutano, akisimama tu kwenye mengineyo, kabla hajafungua mdomo ananiuliza, "Mtendaji, unaandika?"

"Naandika baba."

Anashusha pumzi, anavua kofia, anatafuta maneno. Maneno makali bado anayo, ila sasa anayachagua.

Nilichojifunza mimi, na sio lazima ukubali: yule wa dirishani, wa kusema vunjeni, chomeni, pigeni, huyo sheria imkamate na nitakuwa shahidi wa kwanza. Lakini wa aina ya Ndahani sitaki tena kumfunga. Nataka aandikwe jina lake, maneno yake yasilainishwe, na asomewe mbele ya yule aliyemsema, na huyo naye apewe nafasi ya kujibu. Mimi nilidhani nalinda amani kwa kuficha maneno yake. Mama Rukia akabeba maji ya korongo kwa sababu ya ule mstari wangu mtamu.

Najua kuna wenzangu watasema nina bahati, kwamba Ndahani ana utu ndani na si kila mbaguzi aliwahi kuchimba kaburi la mtoto wa jirani. Hilo sina jibu lake, na linaniumiza kichwa. Wenye jibu nisaidieni.

Karibuni kwa maoni, wa kunipinga na wa kunitukana wote. Ombi langu ni moja tu: usiende kufungua ID mpya ya leoleo ili uje kunitukana nayo. Njoo na ile tunayokujua nayo.

Toka mbele uandikwe.